Majina Yaliyoshuka Mstari

Mama yangu aliitwa Mwanamvua binti Sefu. Nalitaja jina lake mwanzoni kabisa kwa sababu kwa miaka thelathini na tisa halikuwahi kutajwa mahali lilipotakiwa kutajwa. Alifariki mwaka themanini na sita, wakati wa masika, na kaburi lake lipo kwetu Mzenga, karibu na mkorosho wa pili ukitokea kisimani.

Kwetu Mzenga, kila mwaka ikifika Shaabani, kabla ya kuingia mfungo, ukoo mzima hukusanyika kuwarehemu wazee. Husomwa Kurani, kisha husomwa majina ya marehemu wetu mmoja mmoja, na kila jina watu huitikia amina. Baadaye shehe anafunga kwa dua, watu wananawa, linaletwa pilau. Anayesoma majina ni mkubwa wa ukoo. Kwa sasa ni kaka yangu Twalibu, mtoto wa baba mkubwa. Ana miaka sabini na minane, macho yamepungua nguvu, lakini sauti yake ukiwa barabarani unaisikia.

Zamani Twalibu alikuwa akisoma kwa kichwa. Alianza na wazee wa kiume walioanzisha kijiji, akaja na watoto wao wa kiume, akaja na wajukuu wa kiume. Akifika mwisho wa wanaume, na kwa kawaida ndipo pilau huanza kunukia, alisema: “Na mama zetu wote, Mwenyezi Mungu anawajua kwa majina yao.” Watu wakaitikia. Mimi pia niliitikia. Kwamba Mwenyezi Mungu anawajua, sina ubishi. Nilitaka na sisi tuwajue.

Mimi nakaa Kibaha, nyuma ya Maili Moja. Nimesoma mpaka darasa la saba, na kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa mhudumu wa ofisi, kazi yangu chai na kupeleka mafaili. Mpiga chapa wa pale, mama mmoja anaitwa Stellamaris, alikuwa akienda kula mchana ananiachia kiti chake. Ndivyo nilivyojifunza kuchapa, kwa vidole vinne, na hivyo vinne ndivyo ninavyotumia mpaka leo. Nilipostaafu, binti yangu Fadhila alininunulia kompyuta iliyokwishatumika. Boksi lake nimeliweka chini ya meza juu ya matofali mawili, maji ya kudeki yasilifikie, na juu yake nikalifumia kitambaa cheupe chenye maua manane.

Mwaka wa elfu mbili na ishirini nikaamua kuandika orodha. Nilianza Februari nikamaliza Julai. Nilikwenda Mzenga mara sita na Msimbu mara mbili, kwa sababu Msimbu waliolewa shangazi zetu watatu na waliobaki kule wanakumbuka vizuri kuliko sisi. Nilipata wanaume tisini na saba na wanawake mia moja na kumi na wanne. Kwenye kompyuta nikawachagulia ule mwandiko wa kulala wenye mikia, unaotumika kwenye kadi za harusi, maana niliona marehemu hawastahili pungufu ya hapo.

Kabla sijachapisha nilimpelekea Twalibu daftari nililokusanyia majina. Akalishika kwa mikono miwili.

“Kazi kubwa, Zubeda,” alisema. “Lakini sikiliza. Wanaume kushoto, wanawake kulia, kama tunavyokaa. Usije ukanipangia mambo mengine.”

“Sitaugusa mpangilio, kaka.”

“Umesema.”

“Nimesema.”

Kwa hiyo nikaweka kushoto jina la mwanaume, halafu nikabonyeza kile kibao kirefu cha chini mara nyingi, mpaka nafasi itoshe, nikaweka kulia jina la mwanamke. Mstari baada ya mstari, kurasa nne. Baadaye niliambiwa ipo njia nyingine, nyepesi zaidi. Wakati ule hakuna aliyeniambia.

Mwaka uliofuata Twalibu akavaa miwani, akasoma upande wa kushoto wa kurasa zote nne, kwa utulivu, bila kukosea jina hata moja. Akamaliza. Akakunja karatasi. “Na mama zetu wote,” akasema, “Mwenyezi Mungu anawajua kwa majina yao.”

Ikawa hivyo miaka mitano. Mara moja tu nilimfuata, wakati anachokonoa meno baada ya kula.

“Kaka, upande wa kulia hukuuona?”

“Nimeuona. Umependeza sana. Na mwakani ulete hivyohivyo.”

Nikaleta hivyohivyo.

Sasa Oktoba iliyopita kompyuta yangu ikaanza kuniletea tangazo. Kila asubuhi, kabla sijafanya lolote, ilinieleza kwamba hiyo Windows yangu, programu inayoiendesha, haitahudumiwa tena, kwamba niweke mpya, na papo hapo ikanieleza kwamba mpya haiwezi kukaa humo. Nilikuwa nikilisoma tangazo lote mpaka mwisho, halafu nabonyeza pale panaposema nikumbushwe baadaye. Ilinikumbusha. Mimi sina tatizo na mtu anayekumbusha, ila na mwendo ukawa mzito. Nilikuwa nikiiwasha, nabandika maji ya chai, nafagia uwanja upande wa mbele, nakunywa chai, nikirudi bado inazungusha kiduara.

Ninaye mpangaji kwenye vyumba vya uani, Atupele, binti wa Mbeya, anatengeneza kompyuta kwenye kiwanda kimoja kule Zegereni. Nikamwita Jumapili ametoka kanisani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Hebu mtazame mgonjwa.”

Alipiga magoti kwenye boksi. Kwanza akaondoa kitambaa changu, akakikunja, akaniwekea mapajani. “Bibi, hiki kinaziba pumzi.”

“Kinazuia vumbi.”

“Vumbi limezuiwa, na hewa pia.” Akawasha, akangoja na mimi pamoja na kiduara. “Windows yako imezeeka, bibi.”

“Mimi pia nimezeeka, mbona unanisalimia kila siku.”

“Wewe hujaacha kuhudumiwa.” Akacheka. “Mashine yenyewe nzima. Tuitoe hii Windows, tuweke Linux.”

“Linux ya nani?”

“Ya watu wote. Wanaitengeneza wenyewe, wapo dunia nzima, wanajitolea. Huombi ruhusa kwa mtu.”

“Kitu cha watu wote nani anakifagia?”

“Wanafagia wao wenyewe, bibi. Kwa zamu, kama kisima cha kijiji.”

“Kisima cha Mzenga kina zamu.”

“Enhe, na kinafagiliwa?”

“Hapana.”

Atupele akasema basi hii inafagiliwa.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, orodha. Alinieleza kwamba akiweka hiyo Linux, vya ndani vyote vinafutwa, kwa hiyo kwanza avitoe. Akavihamishia kwenye flashi: orodha, barua zangu kumi na moja, picha za kipaimara cha mtoto wa Stellamaris. Nikaichukua ile flashi nikaifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili, nikakaa nayo muda wote anaofanya kazi. Ilichukua kama nusu saa. Nilitarajia zaidi. Alipomaliza akavirudisha vya kwenye flashi; kwenye kioo palikuwa na alama ya kijani, akasema hii aina yake inaitwa Mint, yaani mnanaa, na kwenye boksi akanibandikia picha ya ndege mnene asiyeruka. Nikamuuliza ndege yule anafanya nini. Akasema hafanyi kitu, ndiyo alama yao.

Tukaelewana polepole, mimi na mnanaa. Cha kwanza, inawaka kabla sijakaa vizuri, kwa hiyo chai sasa nainywea jikoni. Cha pili, haina matangazo. Nilikuwa nimezoea kuanza siku kwa kusoma kitu, nikawa nasoma tarehe pale pembeni. Cha tatu, inapenda kuuliza neno la siri. Ukitaka kuongeza kitu inauliza, ukitaka kuondoa inauliza, kama mlinzi wa geti ambaye umempita asubuhi na mchana na bado anataka kitambulisho. Siku za mwanzo niliona ni dharau. Baadaye nikaona anafanya kazi yake. Karata nilizokuwa nikicheza kwenye kompyuta hazikuwemo. Atupele akanionyesha duka lililomo humohumo ambalo kila kitu ni bure, nikazipata, na kwa mwezi mzima niliingia dukani humo kila jioni kutazama tu. Nikachukua saa ya ukutani, kalenda na ramani ya nyota. Ramani ya nyota sijaitumia.

Ikaingia Shaabani. Kuwarehemu wazee kulipangwa Jumapili. Alhamisi asubuhi nikaifungua orodha kwa mara ya kwanza kwenye Linux, niongeze marehemu wawili wa mwaka huu.

Ilikuwa imebadilika. Ule mwandiko wa kadi za harusi haukuwepo, badala yake kulikuwa na mwandiko mwingine uliosimama wima, mnene na mpana. Kurasa nne zimekuwa tisa. Na majina hayakuwa tena kushoto na kulia. Yote yalikuwa yamejipanga kushoto, mstari mmoja mwanaume, mstari wa chini yake mwanamke, mwanaume, mwanamke, mpaka wanaume walipoisha, wakabaki wanawake peke yao kuelekea mwisho. Nikateremka nayo mpaka ukurasa wa sita. Mstari wa tatu kutoka juu alikaa mama yangu, kati ya Mzee Abdala bin Mkuki na Mzee Onesmo, yule aliyesilimu akakataa kubadili jina.

Nikamwita Atupele kabla hajaenda kazini. Alikuwa na mswaki mdomoni.

“Hee, bibi, orodha imevurugika.” Akainama karibu. “Nimeshajua. Ule mwandiko wako una mwenyewe, humu haumo. Hii imeweka mwingine mpana. Sasa jina la pili halienei kwenye mstari, linashuka chini. Nitafute ule wako? Dakika tano, linarudi kila jina mahali pake.”

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakinywa mpaka nusu.

“Mpangilio huu nimeugusa mimi?”

“Hapana, bibi.”

“Umeugusa wewe?”

“Mimi hata sikuifungua.”

“Basi uache.”

Akanitazama. “Bibi, wewe juzi ulinirudisha nikatandike upya kitanda cha wageni kwa sababu shuka limepinda upande mmoja.”

“Shuka uliligusa.”

Akaenda kusukutua, akarudi. Nikaongeza marehemu wawili mwishoni kabisa, wote wanawake, akanihifadhia kwa ile namna ambayo haibadiliki hata ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, nikaenda kuchapisha duka la vifaa vya ofisi pale Maili Moja. Kurasa tisa, upande mmoja. Kijana wa pale aliniuliza kama nataka apunguze mwandiko zitoke chache. Nikamwambia hapana, ahsante, msomaji wetu macho yamepungua.

Jumapili nilifika Mzenga saa tatu asubuhi kwa njia ya Mlandizi. Turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa, wanaume wanakaa upande wa barazani, wanawake upande wa jiko. Twalibu alikuwa kwenye kiti chake, kanzu imepigwa pasi. Nikamwamkia, nikampa karatasi.

“Mbona nyingi?”

“Nimebadilisha kompyuta, kaka. Na karatasi zimebadilika. Zipitie kwanza.”

“Nimezisoma miaka mitano, nizipitie nini?” Akazikunja akazitia kwenye mfuko wa kanzu.

“Zipitie, kaka.”

“Zubeda. Nenda kaangalie nyama.”

Nikaenda kuangalia nyama. Nilikuwa nimemwambia mara mbili.

Kurani ikasomwa, wakamaliza kama saa sita kasoro. Shehe Abdulaziz akamwashiria Twalibu. Twalibu akavaa miwani, akakunjua, akaonekana amefurahishwa na ukubwa wa mwandiko. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mkeka wa wanawake, mgongo kwenye nguzo, upawa mkononi kwa sababu sikuwa nimepata pa kuuweka.

“Mzee Pazi bin Mwinyimkuu,” akasoma.

“Amina.”

“Bi Mwanakombo binti Shomari.”

“Amina,” wakaitikia wanaume, kwa mazoea. Upande wetu hakuitikia mtu. Ashura, mke wa Twalibu, aliyekuwa akikoroga sufuria la kwanza, aliacha kukoroga.

Twalibu alisogeza karatasi mbali na macho. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. Akatazama ukurasa kwa muda, akaweka kidole. Nikaona kidole kinaruka mstari. Akasoma mwanaume, kidole kikaruka, akasoma mwanaume, kikaruka. Akashika mwendo. Mtu asingejua kitu, ila mimi niliyeandika nilikuwa nikiwahesabu wanaobaki nyuma, mmoja mmoja, na kuwataja kwa mdomo uliofungwa.

Ukurasa wa kwanza uliishia kwa mwanaume. Mwanamke wa kulia kwake alikuwa ameshukia juu ya ukurasa wa pili. Twalibu akafunua, na kama msomaji yeyote anayefunua ukurasa mpya, akaanza na mstari wa juu. “Bi Zena binti Mgeni,” akasema, na lilipotoka lilikuwa limeshatoka. Kidole chake kikaruka mstari kama kilivyozoea. Akasoma mwanamke mwingine. Kikaruka tena.

“Mzee,” alisema Sadick, mpwa wetu, aliyekaa nyuma yake bega kwa bega na anayeona karatasi yote. Alisema kwa adabu. “Mzee, samahani. Umemruka babu Kibwana.”

Mzee Kibwana ni baba yake Twalibu.

Mzee mmoja wa Msimbu akauliza, si kwa sauti kubwa sana, “Kamruka baba yake?” Mwingine akamjibu, “Kamruka, nimemsikia.” Na mwingine tena, “Ndiyo maana mwaka jana mihogo iliharibika.”

“Sijamruka,” alisema Twalibu. “Nilikuwa namwendea.”

“Soma wote tu, mzee wangu,” alisema Shehe Abdulaziz. “Mstari kwa mstari, kama ilivyoandikwa. Hapo ndipo hatutamkosa mtu.”

Twalibu akatazama upande wa wanawake, akanitafuta, akanipata kwenye nguzo.

“Zubeda, ulisema hutaugusa mpangilio.”

“Sijaugusa, kaka.”

“Nani kaugusa?”

“Kompyuta.”

Akanitazama kwa muda wa kutosha kujua kama nasema uongo. Sikuwa nasema uongo. Akarudi kwenye karatasi, akaanza ukurasa wa pili upya, mstari kwa mstari. Alimsoma baba yake. Chini ya baba yake alisoma, “Bi Tatu,” kidole kikasimama, kama cha mtu anayengoja lililobaki. Hapakuwa na lililobaki. Akaendelea.

Upande wetu mwanzo waliitikia wawili watatu. Kufika ukurasa wa nne waliitikia wote, na waliokuwa nyuma kwenye mafiga walisogea mbele, kila mmoja akingojea wake. Akitajwa mama wa mtu, wenzake wanamtazama, naye anatazama chini. Ukurasa wa sita nilishauhesabu. Mzee Abdala bin Mkuki. Amina.

“Bi Mwanamvua binti Sefu.”

“Amina.”

Nilichelewa kuitikia. Nikaitikia peke yangu baada ya wengine, kisha akasomwa Mzee Onesmo.

Pilau liliungua chini, masufuria yote mawili. Hakuna aliyelaumiwa. Wanaume walikula na ukoko, na yule mzee wa Msimbu akasema kuwarehemu wazee kwa mwaka huu kumekuwa kurefu. Jirani yake akamwambia ni kwa sababu wapo wengi. Twalibu kwa kawaida hunirudishia karatasi nizitunze. Safari hii alizitia kwenye mfuko wa kanzu, akaenda kupumzika, na nilipoaga aliitikia kwa mkono.

Siku ya nne akanipigia simu. Tukasalimiana, tukaulizana hali, mvua, mbuzi wake aliyevunjika mguu.

“Zubeda,” akasema halafu. “Jina la mama yangu umeliandika nusu. Umeandika Bi Tatu, basi. Bi Tatu wako wengi. Yeye ni Tatu binti Ramadhani.”

“Ndivyo lilivyokaa tangu mwaka wa kwanza, kaka. Nilikuletea daftari uhakiki.”

Nilisikia kuku wa kwake.

“Miaka yote mitano?”

“Yote.”

Nikamngoja. Sina haraka na mtu aliye kwenye simu.

“Hiyo kompyuta ipo bado?” akauliza.

“Ipo.”

“Wasije wakaibadilisha tena.”

“Hawaibadilishi bila kuniuliza. Hii inauliza kila kitu.”

“Basi mwandike mama vizuri. Na hapo alipo, chini ya baba, mwache hapohapo.”

Nikakata simu, nikawasha. Ikauliza neno la siri, nikaipa. Nikafungua orodha, nikaenda ukurasa wa pili, nikaweka alama mbele ya Tatu, nikaandika kwa vidole vinne: binti Ramadhani. Nikahifadhi. Nikakaa kidogo kuona kama kuna jina litakalopanda au kushuka. Halikusogea hata moja.